Bomba la maji taka likipasuka chini ya ardhi: tulichimbue au tulitie bitana?

Hapo nyuma tulipata barua kutoka kwa kikundi kimoja cha kujisaidia ambacho hutunza zahanati ya kijiji chao. Shida yao waliieleza kwa maneno machache. Vyoo vya wodi ya kina mama wanaojifungua vilikuwa vinaziba karibu kila wiki. Kando ya barabara ya murram palikuwa na mahali pabichi hata wakati wa kiangazi, na nyasi za hapo zilikuwa za kijani kupita kiasi. Ukiteremka kidogo kutoka hapo unafika kwenye chemchemi ambapo watu huteka maji ya kunywa. Watoto walikuwa wanaharisha, na kila mtu alikuwa anashuku sababu.

Kikundi kilikuwa kimefanya harambee na pesa zilikuwa benki. Lakini wanachama walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema, "Wacha tuchimbue bomba lote tuweke jipya, tumalize maneno." Wengine walikuwa wamesikia kutoka mjini kwamba siku hizi bomba halichimbuliwi, linatiwa bitana ndani kwa ndani na kazi inakwisha. Wakatuuliza: ni nani yuko sawa?

Tuliwajibu kwamba kila upande ulikuwa na ukweli wake, na kila upande ungeweza kupoteza pesa za harambee. Kabla ya kuchagua njia ni lazima kwanza kujua bomba limeumia wapi na limeumia namna gani. Tumeona tuandike jibu lile hapa kwa urefu, kwa sababu tunajua zahanati, shule za bweni na kumbi nyingi zina mabomba ya zamani yaliyo katika hali hiyo hiyo.

BITANA NI NINI?

Kila mshonaji anajua bitana. Ni kile kitambaa cha ndani ya koti. Koti linaonekana lile lile kwa nje, lakini ndani lina nguo nyingine inayougusa mwili. Kutia bomba bitana ni jambo kama hilo. Bomba la zamani linabaki pale pale ardhini, na ndani yake tunaingiza ukuta mpya usiopitisha maji. Maji taka hayagusi tena bomba la zamani lenye nyufa.

Kuna aina mbili kubwa ambazo tunataka mzijue.

Ya kwanza ni bitana ya soksi. Mafundi huchukua mfuko mrefu wa kitambaa kizito, mfano wa blanketi, ulioshonwa kama soksi. Wanaulowesha kwa rezini, yaani gundi maalum ambayo ikipata joto inakuwa ngumu kama jiwe. Halafu wanauingiza ndani ya bomba, ama kwa kuuvuta, ama kwa kuugeuza ndani nje kwa nguvu ya maji au hewa, vile unavyogeuza soksi. Ukishakaa vizuri na kubana ukuta wa bomba, wanaupasha kwa maji moto, mvuke au taa maalum mpaka ukauke. Hapo mna bomba jipya lisilo na kiungo hata kimoja.

Ya pili ni bomba ndani ya bomba. Hapa mnachukua bomba jipya la plastiki lililo jembamba kidogo na kulipitisha ndani ya lile la zamani. Hii ndiyo njia ambayo kikundi cha kijiji kinaweza kuifanya kikiwa na fundi mmoja mzuri.

ILIANZIA WAPI?

Msidhani hii bitana ya soksi ni jambo la jana. Ilianza London, Uingereza, mwaka 1971. Mhandisi aitwaye Eric Wood alitia bitana ya kwanza katika mtaro wa matofali uliokuwa mtaa wa Hackney. Mji ule una mitaro mingi iliyojengwa katika karne ya 19, hasa baada ya mwaka 1858 ambapo uvundo wa mto Thames ulizidi hata wabunge wakashindwa kukaa bungeni kwa raha. Miaka mia moja baadaye mitaro mingine ilikuwa imechoka, na juu yake kulikuwa na barabara, nyumba na nyaya. Kuchimba kungesimamisha mtaa mzima. Kwa hiyo sababu ya kubuni bitana ilikuwa moja tu: pale juu hapakuchimbika.

Je, inadumu? Watengenezaji huikadiria miaka 50. Mwaka 2012 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilitoa taarifa kuhusu vipande vya bitana vilivyokatwa kutoka mabomba ya miji ya Denver na Columbus. Vingine vilikuwa vimekaa ardhini zaidi ya miaka 20, na kwa jumla vilikutwa bado katika hali nzuri.

Basi njia yenyewe ni ya kuaminika. Lakini inahitaji rezini, mashine ya kupashia joto, kamera ya kuingia ndani ya bomba na watu waliofunzwa. Kwa mji, au kwa hospitali kubwa ambayo bomba lake limepita chini ya jengo la upasuaji, gharama hiyo inaweza kuwa na maana. Kwa bomba la mita 30 kijijini, mara nyingi kuleta mashine hizo kutagharimu kuliko kazi yenyewe.

KWA NINI BOMBA HUHARIBIKA?

Mabomba mengi ya zamani ni ya saruji au ya udongo wa kuchoma. Hayo yalitengenezwa vipande vifupi. Bomba la mita 30 lenye vipande vya futi tatu lina viungo kama 30, na kila kiungo ni mlango ambao siku moja unaweza kufunguka.

Mizizi ndiyo adui wa kwanza. Mkaratusi na mugumo hutafuta maji mbali sana. Uzi mmoja wa mzizi ukipata unyevu kwenye kiungo, unaingia, unanenepa, na baada ya muda unajaza bomba kama ufagio.

Adui wa pili ni udongo wenyewe. Ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi hufura mvua ikinyesha. Kila mwaka unalinyanyua bomba na kulishusha, mpaka viungo vinaachana.

Wa tatu ni mzigo. Bomba lililolazwa juu juu chini ya barabara ya miguu na punda haliwezi kubeba lori la mawe. Barabara ilipanuliwa, lori zikaja, lakini bomba ni lile lile.

Wa nne hana kelele. Maji taka yakikaa bila kwenda, hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikipanda juu kwenye dari lenye unyevu la bomba la saruji, vijidudu vinaigeuza kuwa asidi, nayo inakula saruji. Kwa hiyo bomba linaweza kuwa zima chini na limeoza juu. Ukichungulia, usitazame sakafu peke yake.

BITANA HAIWEZI KUFANYA NINI?

Hapa tunataka kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulishauri kikundi kingine kupitisha bomba la plastiki ndani ya bomba la zamani la shule yao. Hatukupima mteremko. Kazi iliisha kwa siku mbili, tukapiga picha, tukanywa chai pamoja. Muhula wa pili haukuwa umekwisha vyoo vikaziba tena. Kumbe katikati ya njia bomba la zamani lilikuwa limedidimia, na bomba jipya lilifuata bonde lile lile. Uchafu ulikuwa unalala pale. Tuliwaambia wazazi warudi na majembe kuchimbua kile ambacho tayari walikuwa wamekilipia. Mzee mmoja alituuliza, "Kwani nyinyi mnashonea koti bitana kabla ya kulipima?" Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tunasema mambo manne kila mahali.

Moja, bitana hufuata umbo na mteremko wa bomba la zamani. Kama bomba limelala vibaya, bitana nayo italala vibaya.

Mbili, bitana haipiti palipobomoka. Penye ufa sawa, penye tundu sawa, lakini mahali ambapo bomba limeporomoka na udongo umejaa, ni jembe tu.

Tatu, bitana hufunga matawi. Kama katikati ya njia kuna bomba dogo la jikoni au la bafu linaloingia kwenye bomba kubwa, bitana inapita mbele ya mdomo wake na kuufunika. Wenye mashine hutuma kifaa cha kukata kutoka ndani. Sisi wenye jembe inatubidi kuchimba pale tawi linapoingia na kuliunganisha upya. Ukisahau tawi, maji ya jikoni yatarudi jikoni.

Nne, nafasi hupungua. Soksi ni nyembamba, haipunguzi sana, na kwa kuwa ndani ni laini maji huteleza vizuri, kwa hiyo uwezo wa bomba hubaki karibu sawa na zamani. Lakini ukipitisha bomba la plastiki la inchi 4 ndani ya la saruji la inchi 6, uwezo wa kupitisha maji hushuka hadi karibu nusu, hata tukihesabu ule ulaini wa plastiki. Kwa vyoo vichache vya wodi hilo si neno. Inchi 4 ndilo bomba la kawaida la choo. Lakini kama mmeunganisha pia maji ya mvua kutoka kwenye mabati, yatoeni humo kwanza. Maji ya mvua yana njia yake.

PIMENI KABLA YA KUTOA PESA

Vipimo hivi havihitaji mashine. Vinahitaji asubuhi moja na watu wasio na haraka.

1. Kioo na tochi. Fungueni manholi mbili zinazofuatana na muache hewa ipite kwa muda. Mmoja amulike tochi kutoka upande mmoja. Upande wa pili, mwingine ateremshe kioo kilichofungwa kwenye fimbo na kuelekezwa kwenye mdomo wa bomba. Kama bomba limenyooka na ni zima, mtaona duara la mwanga. Mkiona nusu duara, au mwezi mwembamba, basi kuna bonde au kitu kimeziba. Mkiona giza, bomba limejaa au limeporomoka. Hakuna haja ya mtu kuingia ndani ya manholi kwa kazi hii.

2. Mteremko. Tumieni mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, kama ule mafundi wa nyumba hutumia kusawazisha msingi. Pimeni bomba linaanza kimo gani na linaishia kimo gani. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba bomba la inchi 4 lishuke mita 1 kwa kila mita 40, na la inchi 6 mita 1 kwa kila mita 60. Kwa njia ya mita 30, hiyo ni sentimita 75 kwa la inchi 4 na sentimita 50 kwa la inchi 6. Plastiki kwa kuwa ni laini inasamehe kidogo, lakini kama mteremko wenu ni mdogo kuliko huo, mwiteni afisa wa afya ya umma au mhandisi kabla ya kununua chochote.

3. Kupima kuvuja. Zibeni mdomo wa chini wa bomba kwa gunia lililojaa udongo wa mfinyanzi, likiwa limefungwa kamba ndefu ya kulivuta baadaye kutoka juu. Jazeni bomba maji safi. Bomba la inchi 6 la mita 30 hunywa karibu mitungi 27 ya lita 20. Likishajaa, wekeni alama kwenye ukuta wa manholi ya juu, mngoje nusu saa. Maji yakishuka kidogo tu, viungo vinavuja kidogo. Yakiisha kabisa, mmejua maji taka yenu yalikuwa yanakwenda wapi.

4. Ardhi yenyewe. Tembeeni juu ya njia ya bomba. Palipozama, palipo pabichi, pale nyasi zinapostawi kuliko kwingine, pigeni kigingi. Andikeni pia kila mti ulio karibu na kila bomba dogo linaloungana.

Vipimo hivi vikiisha, choreni njia nzima kwenye karatasi moja na kuitundika mahali pa mkutano. Pesa za kikundi zisitoke kabla kila mwanachama hajaiona hiyo karatasi.

BOMBA NDANI YA BOMBA: HATUA KWA HATUA

Kama vipimo vinaonyesha mteremko ni mzuri na bomba halijaporomoka, kazi huenda hivi.

Kwanza, wekeni vyoo vya muda. Siku hizo bomba halitatumika hata kidogo.

Pili, safisheni. Tumieni fimbo za kuzibulia au mianzi iliyounganishwa vizuri, mtoe mizizi, mchanga na matambara. Msimwage petroli wala asidi ndani ya bomba kwa sababu yoyote.

Tatu, jaribuni njia. Pitisheni kamba kutoka juu hadi chini. Ifungeni kwenye kipande cha mita moja cha bomba lile lile jipya, chenye mdomo wake mpana, mkivute taratibu. Kikipita bila kukwama, bomba lote litapita. Kikikwama, pimeni urefu wa kamba mjue ni mita ya ngapi, na hapo ndipo pa kuchimba. Kipande hiki kimoja kimeokoa pesa nyingi.

Nne, chimbeni shimo la kuingizia upande wa juu. Bomba la plastiki huuzwa kwa urefu wa mita 6 na halipindi. Mkilikata katikati, shimo la mita 3.5 linatosha kulaza kipande kimoja na kukiunganisha na kingine.

Tano, ingizeni. Ule mwisho mwembamba utangulie, mdomo mpana ubaki nyuma upande wa juu, ili kwenye kila kiungo maji yatoke mwisho mwembamba kuingia mdomo mpana, yasigonge ukingo. Pakeni gundi ya plastiki kwenye kila kiungo, mngoje muda ulioandikwa kwenye kopo, ndipo msukume. Wengine wavute kamba kutoka chini. Msipige kwa nyundo.

Sita, tieni uji wa saruji katika ile nafasi kati ya bomba jipya na la zamani. Hatua hii watu wengi huiruka, na ni kosa. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, maji ya ardhini yataifanya mfereji wao na mizizi itarudi. Lakini angalieni: uji wa saruji ni mzito na bomba la plastiki linaelea juu yake. Kwa hiyo zibeni kwanza ncha zote mbili za bomba jipya na kulijaza maji ili litulie chini. Mimineni uji kidogo kidogo kutoka juu, siyo wote kwa mara moja. Malizieni kuziba miisho kwa saruji ngumu ya karai moja la saruji kwa matatu ya mchanga.

Saba, rudieni kipimo cha kuvuja kabla ya kufukia shimo. Fundi asilipwe pesa za mwisho mpaka maji yabaki kwenye alama.

MAISHA YA WATU KWANZA

Tafadhali someni sehemu hii kwa sauti kwenye mkutano.

Mtu yeyote asiingie ndani ya manholi au tangi la septiki. Ile gesi ya yai viza ikiwa kidogo inanuka, lakini ikizidi inaua uwezo wa kunusa, halafu inaua mtu. Aliyeanguka ndani asifuatwe na mwingine bila vifaa, kwa maana mara nyingi mwokoaji ndiye maiti ya pili. Kuna gesi nyingine pia inayoshika moto: msivute sigara wala kumulika kwa kiberiti.

Shimo likipita kina cha mita 1.2, tegemezeni kuta zake kwa mbao. Udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo.

Kama bomba la zamani ni lile la kijivu la asbestosi, msilikate kwa msumeno wala kulisaga. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu miaka mingi baadaye. Hapa bitana ina faida kubwa, kwa sababu bomba linaachwa lilale.

Na kama mmeajiri kampuni ya kutia soksi, ulizeni ni rezini gani inayotumika. Nyingi zina kemikali ya stairini yenye harufu kali inayoumiza macho na kifua, na mvuke wake unaweza kupanda ndani ya nyumba kupitia vyoo na mabomba ya sakafuni yaliyokauka. Majirani waambiwe mapema, maji yamwagwe kwenye kila mtego wa harufu, na wagonjwa wahamishwe siku hiyo.

NA KALAVATI ZA BARABARA JE?

Vikundi kadhaa vinatunza kalavati za mabati yenye mawimbi. Hizo huoza chini kwanza, pale maji na changarawe hupita kila siku, huku juu zikiwa bado nzima. Kama duara lake halijabonyea, mhandisi anaweza kukubali ile sakafu imwagiwe zege ndani, nayo ni bitana ya aina yake. Lakini barabara ina mwenyewe. Pateni ruhusa ya ofisi inayohusika kabla ya kugusa.

KIKUNDI CHA ZAHANATI WALIFANYA NINI?

Turudi kwa wale waliotuandikia. Walipima. Kioo kilionyesha mwezi mwembamba upande wa tangi. Mteremko wa njia nzima ulikuwa sentimita 75 kwa mita 30, kwa hiyo jumla yake ilikuwa nzuri. Kile kipande cha majaribio kilipita vizuri chini ya barabara, pale pale ambapo kila mtu alikuwa na hakika kwamba bomba limevunjika, kisha kikakwama mita 4 kabla ya tangi. Walipochimba hapo walikuta viungo viwili vimezama na mzizi wa mkaratusi umenenepa kama mkono.

Kwa hiyo walitumia njia zote mbili. Mita 4 za mwisho waliziondoa wakalaza bomba jipya kwenye mchanga uliosawazishwa. Juu walichimba shimo la mita 3.5. Mita 22.5 zilizobaki, pamoja na barabara yote, walizitia bitana. Mlima wa udongo ulipungua sana. Kuchimba mita zote 30, kwa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.5, kungetoa mita 27 za ujazo, yaani wilbaro 450. Wao walichimba mita 7.5 kwa upana wa sentimita 80, mita 9 za ujazo tu, yaani wilbaro 150. Barabara haikufungwa hata siku moja. Mkaratusi ulikatwa, na mwenye shamba alipewa mbao zake.

Wale waliotaka jembe walipata mita zao, na wale waliotaka bitana wakapata zao. Kazi iliyobaki ni ya chemchemi. Waliendelea kuchemsha maji ya kunywa, na walimwomba afisa wa afya ya umma achukue maji yapimwe, kwa sababu kuziba bomba leo hakusafishi ardhi siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza dogo: ufa wenyewe uutafute kwanza kwa kioo na kamba, ndipo uende dukani.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, tunajua mabomba ya maji taka ya shule, zahanati au ukumbi wetu yanapita wapi? Ni nani anayekumbuka siku yalipolazwa, na je, tumemwomba atuonyeshe tuchore?

2. Ni kisima au chemchemi gani iko chini ya njia hiyo?

3. Ni miti gani imepandwa juu ya bomba? Nani atazungumza na mwenye miti?

4. Fundi akituambia "bomba lote limekwisha" au "bitana itamaliza kila kitu", tutamwomba atuonyeshe vipimo gani kabla mweka hazina hajatoa pesa?

5. Mtu akianguka ndani ya manholi leo, tutafanya nini, na ni nini hatutafanya?